Alama Niliyoifuta

Siku mliponiaga kwa soda na biskuti, mmoja wenu alisema katika hotuba yake kwamba nilianza kazi ya maktaba na kompyuta za kwanza za Kisangani. Maneno mazuri, lakini si kweli. Nilianza na ndoo. Asubuhi yangu ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha, paa lilikuwa linavuja sehemu nne, na Papa Bolamba, aliyekuwa mkuu wa maktaba, alinikabidhi ndoo mbili na sufuria kabla hajaniuliza jina.

"Unaitwa nani?" aliniuliza maji yalipokwisha kupata mahali pa kudondokea.

"Zaina."

"Bon, Zaina. Vitabu inaweza kungoja. Maji haiwezi kungoja."

Hayo ndiyo mafunzo yangu ya kwanza ya ukutubi, na chini ya paa lile yalinifaa miaka mingi kuliko yote yaliyofuata.

Chuo chetu kilifundisha wauguzi, wakunga na watu wa maabara. Maktaba ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha sita, matano yakiwa na vioo. Papa Bolamba alikuwa mtu wa maneno machache na rejista nyingi. Hata gazeti la zamani halikutoka mlangoni bila jina, saini na siku. Wanafunzi walimcheka. Alinifundisha pia kuanza kitabu kwa ukurasa ambao hakuna anayeusoma: nani ameandika, wapi, mwaka gani. "Kama hajasema yeye ni nani," aliniambia, "juu ya nini umuamini?" Alistaafu kabla ya vita ya pili ya Kongo akarudi kwao upande wa Opala. Nikaachiwa funguo.

Vita hiyo ya pili ilitukata na Kinshasa. Meli hazikupanda tena, barua hazikuja, na maprofesa waliokuwa wameshuka mji mkuu kwa likizo walibaki hukohuko. Mmoja wao alikuwa profesa wa uzazi, na somo lake halikuwa na mtu mwingine wa kulifundisha. Kisha zikaja zile siku ambazo majeshi mawili ya wageni yalipigana ndani ya mji wetu. Mimi na watu wa nyumbani tulikuwa tumelala chini ya meza kwetu Lubunga, ng'ambo ya mto. Nilipovuka tena kwa pirogi, yaani mtumbwi, nilikuta bomu limeingia kupitia dirisha lisilo na kioo. Rafu za uzazi na za magonjwa ya watoto zilikuwa zimeungua. Rafu za sheria za utumishi wa ukoloni zilikuwa salama kabisa.

Wanafunzi walirudi baada ya wiki chache. Hilo lilinishangaza kuliko bomu. Walikaa kwenye viti vilivyobaki wakaniuliza watasoma nini.

Jibu lilitoka kwa Tonton Kasongo. Huyu alikuwa fundi wa redio katika ofisi ya wamisionari, mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ofisi ile ilikuwa na redio ya masafa marefu iliyounganishwa na kompyuta, betri mbili za gari na paneli ya jua. Kwa njia hiyo walipeleka na kupokea barua pepe, maandishi matupu, polepole sana. Siku moja Kasongo aliniambia kwamba ng'ambo huko kuna mashine inayojibu barua. Ukiiandikia anwani ya ukurasa wa mtandao, inakurudishia maneno ya ukurasa ule. Ukiiandikia maneno ya kutafuta, inakurudishia orodha ya anwani.

"Picha je?" nilimuuliza.

"Picha hapana, mama. Picha inakufa njiani. Maneno tu."

Basi tulianza hivyo. Wanafunzi waliniandikia maswali kwenye vipande vya karatasi, mimi nikayapeleka kwa Kasongo asubuhi redio ikiwa safi. Orodha ilirudi kesho yake kama hakuna radi. Tulichagua anwani mbili au tatu, tukaziomba, na ukurasa ulikuja siku ya tatu au ya nne. Leo mnalalamika ukurasa ukichukua muda wa kupiga chafya.

Kazi ngumu haikuwa redio. Ilikuwa kuwafundisha wanafunzi kuuliza. Kijana mmoja kutoka Ubundu alinipa nusu ukurasa wa Kifaransa safi ulioanza "Bwana Intaneti", ukaeleza hali ya familia yake, ukaomba kwa unyenyekevu somo la malaria, na ukafungwa kwa heshima zote. Nilimwambia mashine haijali familia yake. Aandike maneno matatu. Alikaa saa nzima akipunguza, na nilimwona anaumia.

Nilivyowafundisha kuchagua ni kama Papa Bolamba alivyonifundisha mimi. Nani ameandika? Ni shule au ni duka? Ameandika lini? Kuna mwingine anayesema hivyohivyo? Nilitaka kurasa mbili kwa kila jambo. Mara nyingi redio ilitupa moja, nasi tukashukuru.

Kurasa zenyewe zilifika chafu. Redio ya Kasongo ilijua herufi za Kiingereza tu. Kila herufi ya Kifaransa yenye alama juu yake ilifika imegeuka kitu kingine. Neno la homa, "fièvre", lilifika "fihvre". "Bébé" alifika "bibi". Wanafunzi walicheka mpaka machozi kusoma namna ya kumwogesha bibi mara tu anapozaliwa. Mimi nilijifunza kusoma uchafu ule haraka. Nilikaa na kalamu nyekundu, nikasahihisha kila neno, nikafuta nukta, vistari na alama zote zilizoingia bila sababu, kisha nikaupiga taipu upya juu ya karatasi ya stensili. Stensili iliingia kwenye mashine ya roneo, nami nikazungusha mkono mpaka nakala zikatosha. Wino ulikuwa shida, kwa hiyo nakala za mwisho zilisomwa dirishani.

Nasema kweli, nilijivuna. Nakala zangu zilikuwa safi. Walimu walizisifu, na mkurugenzi alizionyesha kwa wageni. Kila aliyechukua nakala alitia saini kwenye rejista.

Kati ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ukunga alikuwepo Georgette. Alikuwa binti mrefu, mkavu wa maneno, aliyekuja amekwisha kusoma ndipo akauliza. Ni yeye aliyeomba somo la uchungu usioanza, yaani mama ambaye siku zake zimepita na tumbo limekaa kimya. Katika silabus ya profesa wetu, kile kijitabu cha somo ambacho wanafunzi walinakili kwa mkono, sura hiyo haikuwemo. Ilichukua siku tisa. Tulipata ukurasa wa chuo kimoja cha mbali cha lugha ya Kifaransa, wenye jina la daktari na mwaka, kila kitu kama Papa Bolamba alivyotaka. Ulieleza dawa moja ya vidonge, lini itolewe, lini isitolewe kabisa, na kiasi gani. Tuliomba ukurasa wa pili wa kulinganisha. Radi ilipiga juma lote, haukuja. Wanafunzi walikuwa wanakwenda staji, mafunzo ya kazi katika vituo vya afya. Niliusafisha ule mmoja, nikautoa nakala kumi na moja. Georgette alitia saini wa mwisho, akaondoka na nakala yake kwenda kituo cha Yanonge, mto unakoteremkia.

Wiki tatu baadaye mwanafunzi wa maabara aitwaye Matata aliniletea ukurasa mwingine niliokuwa sijausafisha, wa kutengeneza maji ya kupima damu. Alikuwa ameuchukua mezani bila ruhusa.

"Mama Zaina, hapa iko kosa. Wanasema nichemshe halafu wanaweka alama hii, halafu litre. Litre ngapi?"

Nilitazama. Paliandikwa "= litre". Alama ya sawasawa, kisha litre. Ingekuwa siku nyingine ningeifuta ile alama bila kufikiri. Nilikwisha kunyanyua kalamu.

"Kama unafuta, itabaki litre moja," Matata alisema. "Lakini juu yake wanasema chupa iko ya nusu litre. Itajaa namna gani?"

Niliiweka kalamu chini. Siku ile ile nilikwenda kwa Tonton Kasongo na karatasi mkononi. Aliitazama, akavuta droo, akatoa jedwali lililochapwa, safu mbili za herufi na namba, limechakaa pembeni.

"Sikia, mama. Redio yetu inabeba herufi za safu hii ya kushoto tu. Ile iko kuume, redio inaishusha. Inaangukia mwenzake wa kushoto. Angalia: é inaanguka juu ya i. Kila mara. È inaanguka juu ya h. Donc, haikosee ovyoovyo. Inakosea kwa utaratibu."

"Na hii ya sawasawa?"

Alifuata mstari kwa ukucha. "Hii ilikuwa nusu. Ile nusu ndogo ya alama moja."

"½?"

"Njo ile," alikubali.

Mstari wa juu yake ulikuwa na robo. Niliuona kabla hajaniambia chochote. ¼, na upande wa kushoto alama ndogo kama mdomo wa ndege uliofunguka: <.

Nilikaa. Kasongo aliniuliza kama ninataka maji, nikamwambia hapana. Nilikuwa naikumbuka alama ile. Nilikuwa nimeikuta mbele ya neno kidonge, katika ukurasa wa Georgette, mara mbili. Nilidhani ni uchafu. Nilizifuta zote mbili kwa kalamu yangu nyekundu, nikasahihisha "comprimi" ikawa "comprimé", nikapiga taipu vizuri. Ukurasa wa daktari ulisema robo ya kidonge. Ukurasa wangu ulisema kidonge. Mara nne ya kiasi, kwa dawa inayobana mfuko wa uzazi.

Nilirudi maktaba nikafungua rejista. Majina kumi na moja. Watu kumi walikuwa mjini, katika zahanati za Mangobo, Tshopo, Kabondo na kwingine. Niliwazungukia kwa miguu siku ile na kesho yake mpaka saa sita mchana. Nilirudishiwa nakala kumi. Tisa walikuwa hawajaitumia. Wa kumi alikuwa amefungia ndani yake karanga, na sijawahi kufurahi hivyo kuona kazi yangu imedharauliwa.

Ya kumi na moja ilikuwa Yanonge. Kasongo aliita kituo kile kwa redio siku mbili. Hakuna aliyejibu, pengine betri yao ilikuwa imekufa. Nilikwenda kwa mkurugenzi.

"Andika barua," alisema. "Uwape wafanyabiashara wa pirogi."

"Barua itakaliwa na makapu ya samaki, papa. Inaweza kufika baada ya mwezi."

"Ni karatasi moja, Mama Zaina. Barabara iko na askari."

"Ni karatasi yangu."

Alivuta mhuri. Bila karatasi ya kazi yenye mhuri huwezi kupita vizuizi, na katika karatasi ile lazima iandikwe sababu ya safari. Aliandika "kusahihisha nakala". Nadhani katika vita ile hakuna mwingine aliyepita vizuizi kwa sababu hiyo.

Yanonge iko upande wetu wa mto, kama kilomita sitini kutoka Lubunga. Magari yalikuwa yamekwisha. Watu walisafiri kwa toleka, yaani baiskeli ya abiria. Nilimpata Papa Isomela, aliyekuwa karani wa meli mpaka meli ziliposimama, akanunua kinga, ndiyo baiskeli, akaanza maisha upya na magoti ya mzee. Aliweka mto wa nguo juu ya karia, nikakaa upande, nimeshika mkoba wangu.

Tulitumia siku moja na nusu. Penye mchanga nilishuka nikatembea. Penye matope tulisukuma wote wawili. Kwenye kizuizi cha pili askari alitaka kuona karatasi zilizo mkobani. Nilimpa ukurasa wa uzazi. Alisoma mistari mitatu hivi ya Kifaransa, akafika mahali panapoeleza namna ya kupima njia ya mtoto kwa vidole, akanirudishia haraka bila kunitazama.

"Pita, mama. Pita."

Papa Isomela alicheka kilomita nzima. Mimi nilihesabu siku. Wiki tatu na siku nne. Nilijiambia kwamba vidonge vile ni adimu, kwamba vita imemaliza dawa zote, kwamba Georgette ni mwangalifu. Yote matatu yalikuwa kweli kiasi.

Kituo cha afya kilikuwa nyumba ya matofali karibu na soko, na harufu ya samaki wa moshi ilifika mpaka chumba cha kuzalishia. Mkuu wa kituo alikuwa muuguzi wa makamo, Papa Likenge. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akamwita Georgette. Alikuja anapangusa mikono. Alikuwa amekonda. Nilitoa rejista, sijui kwa nini, pengine nilitaka kuanza na kitu ninachokijua.

"Georgette, ile karatasi ya uchungu usioanza. Unayo?"

"Iko."

"Uliitumia?"

Papa Likenge aliangalia dirishani.

"Mara moja," Georgette alisema.

"Uliweka kidonge kizima?"

"Niliweka kama mulivyoandika."

Nilimwambia. Nilimwonyesha jedwali la Kasongo, nililokuwa nimelinakili kwa mkono, na ukurasa mchafu wa kwanza, ambao kwa bahati nilikuwa sijautupa. Nilimwonyesha alama mbili zilizokatwa kwa kalamu nyekundu. Aliinama juu ya meza akazitazama muda mrefu.

"Mama alipona," Papa Likenge alisema kwa niaba yake. "Uchungu ulikuja kwa nguvu sana, bila kupumzika. Mutoto alitoka hajalia. Tulijaribu. Hajalia." Kisha akaongeza, "Pengine angekufa tu. Siku zilikuwa zimepita mingi. Hakuna mutu anaweza kusema."

"Wiki mbili," Georgette alisema. Hakuwa akizungumza naye. "Wiki mbili nasema ni mikono yangu. Nilipima vibaya, nilisikiliza vibaya. Nguo zangu ziko ndani ya valizi, Jumatatu nilikuwa narudi kwetu Ubundu, nisiguse tena mama mwenye mimba. Juu ya nini ulifuta, Mama Zaina?"

"Nilidhani ni uchafu."

"Haukuuliza?"

"Sikuuliza."

Alitoka nje. Nilimsikia akipiga ukuta kwa kiganja, mara mbili, tatu. Papa Likenge alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kosa limekwisha kusahihishwa, nimefanya vizuri kuja, na sasa nirudi Kisangani. Familia isiambiwe. Baba wa mtoto alikuwa mvuvi mwenye ndugu wengi. Kituo kilikuwa na kitanda kimoja cha kuzalishia, na kama watu wangekuja kukivunja, wanawake wa Yanonge wangezalia wapi? Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anahesabu, kama kila mtu aliyekuwa na kitu kimoja kilichobaki cha kulinda. Mpaka leo sijui kama hesabu yake ilikuwa na kosa.

Georgette alirudi macho yamekauka. "Nampeleka kwa yule mama," alimwambia Papa Likenge. "Mimi njo nilikamata mutoto. Alors, mimi nampeleka."

Mama Bosenge, mzazi wa yule mtoto, aliyeitwa hivyo kwa jina la mtoto wake wa kwanza, tulimkuta nyuma ya nyumba yake anageuza samaki juu ya moshi. Alikuwa bado amefunga tumbo kwa kitambaa kama mzazi. Maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yake. Alitupa viti. Mumewe alikuwa kwenye mto. Georgette alinitaja jina na kazi yangu, kisha ikawa zamu yangu.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Hayakunifaa. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeandika karatasi ambayo mkunga aliifuata. Kwamba dawa ilitakiwa iwe robo, nami nikafuta robo kwa kutojua. Kwamba mkunga hakukosea. Kwamba hakuna anayeweza kujua kama mtoto angeishi, lakini kiasi kilikuwa kikubwa mno, na hilo lilikuwa langu.

Alisikiliza huku akigeuza samaki. Alipomaliza safu moja, alifuta mikono.

"Hiyo karatasi, uko nayo?"

Nilimpa nakala ya Georgette, tuliyokuja nayo. Alikuwa hajui kusoma Kifaransa, nadhani hakujua kusoma kabisa. Hata hivyo aliishika sawasawa.

"Wapi?"

Niliweka kidole mbele ya neno.

"Hapa hakuna kitu," alisema.

"Ndiyo. Palikuwa na alama. Niliitoa."

Aliweka kidole chake palepale pangu. Kilikuwa cheusi kwa moshi, kikaacha doa.

"Kadogo hivi?"

"Kadogo hivi, mama."

Kisha akauliza watu gani wengine wana karatasi hiyo. Nilimwambia zilikuwa kumi na moja, kumi ziko kwangu, na hii ndiyo ya mwisho.

"Bon. Andika sasa. Niko naona."

Nilitoa kalamu. Sikuandika ¼. Niliandika kwa maneno, kwa herufi kubwa, robo moja ya kidonge, kwa Kifaransa na chini yake kwa Kiswahili, sehemu zote mbili. Maandishi yalitoka mabaya. Alifuata kalamu mpaka mwisho, akamrudishia Georgette karatasi ile, si mimi. Akamwambia, "Utakuja kunitazama Ijumaa?"

"Nitakuja," Georgette alisema.

Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba. Alinifungia samaki wawili katika jani kwa sababu nilikuwa mgeni na njia ni ndefu. Niliwachukua, kwani kukataa kungekuwa vibaya zaidi. Baba wa mtoto aliporudi aliambiwa, baadaye nilipata habari. Alikwenda kituoni, akakaa barazani mpaka jioni, akarudi nyumbani. Hakuna kilichovunjwa.

Georgette hakwenda Ubundu Jumatatu ile. Alimaliza staji yake, akarudi chuoni, akafaulu. Kwa miezi mingi hakuingia maktaba. Alimtuma mwenzake kumchukulia nakala, na alitaka zote mbili, ile safi na ile chafu. Nilimpa zote mbili. Baadaye nikaanza kumpa kila mtu zote mbili, zimefungwa kwa pini moja, na kila kiasi cha dawa nimekiandika kwa maneno. Stensili zilikwisha haraka kuliko zamani. Mkurugenzi alilalamika mara moja tu.

Miaka ya mwisho ya vita ilituletea dishi la setilaiti, na maktaba ikapata kompyuta tatu. Kurasa zilikuja na picha zao na herufi zenye alama zao. Wanafunzi walihifadhi masomo kwenye disketi, nami nilizitunza disketi ndani ya kopo la maziwa lenye mchele mkavu, maana unyevu wetu unakula kila kitu. Kazi yangu ilibaki ileile. Nilisimama nyuma ya kiti nikauliza: nani ameandika? Lini? Mwingine anasemaje? Wanafunzi waliniita Mama Nani-Ameandika. Kuna majina mabaya zaidi.

Wengi wenu mlinijua katika miaka hiyo na iliyofuata, nikiwa nimezeeka, nikiwasumbua kwa kulinganisha ukurasa na chanzo chake hata pale palipokuwa na haraka. Mmoja wenu aliniuliza kwa adabu kama ni ugonjwa. Sikumjibu siku ile.

Niliporudi kutoka Yanonge niliandika ripoti ya ukurasa mmoja, nikaipeleka kwa mkurugenzi na nakala kwa afisa wa afya. Hakuna aliyejibu. Katika mwaka ule watu walikuwa wanazikwa barabarani. Ukurasa mmoja kutoka maktaba haukuwa habari. Miaka mingi baadaye, ofisi zilipohamishwa, niliomba ruhusa nikatafuta kwenye makabati yote. Mchwa walikuwa wamefika kabla yangu. Kitabu cha wazazi cha kituo cha Yanonge nacho, Georgette aliniambia, kiliandika tu kwamba mtoto alizaliwa amekufa, bila sababu. Hivyo jambo hili halipo mahali popote kwa maandishi isipokuwa hapa, na ndiyo maana nimeandika kirefu kuhusu juma moja na kifupi kuhusu miaka mingine yote.

Yale yaliyokuwa katika ripoti mnayajua sasa, isipokuwa mstari wa mwisho, ambao nilikuwa nimeuandika kwa maneno, bila namba wala alama. Mtoto alikuwa wa kike. Alizaliwa siku ya soko, mchana, na alikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu.